Nimeonja pakiti tisa za krispi za muhogo, zote zimeshindwa na za mama wa barabarani. Kwa nini?

#1 Mpima Chumvi

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilisafiri Dar kwenda Tanga. Basi lilisimama kila penye mtu mwenye beseni, nami kila liliposimama nikanunua krispi za muhogo. Nilipofika nilikuwa na pakiti nne za watengenezaji wanne tofauti. Nikaona jambo likianzwa limalizwe. Niliporudi Dar nikaongeza tano, nyingine Kariakoo, nyingine duka la jirani. Jumla tisa. Majina sitaji, sina hela ya wakili. Nimezipa namba.

Nilichoangalia ni jinsi inavyolia mdomoni, chumvi, mafuta yanayobaki vidoleni, halafu swali la mwisho: ukimaliza, unatafuta nyingine au unatafuta maji?

Namba 7 imeongoza, nimeipa 7 na nusu kati ya 10. Nyembamba, chumvi imeenea, inavunjika ka! Namba 1 na namba 2 zote 6. Tofauti yake ni picha ya nje tu, nina shaka zinatoka karai moja. Namba 3 pilipili yote imekaa chini ya pakiti, kwa hiyo nusu ya kwanza unakula kama mgonjwa wa presha na nusu ya pili unalia. 5. Namba 4, wakuu, nimeipa 2. Imelegea, inajikunja kama karatasi iliyonyeshewa mvua, na ina harufu ya mshumaa. Zilizobaki ni za kati ya 4 na 5, bila daftari hata sikumbuki ipi ni ipi. Na karibu zote nusu ya pakiti ni hewa. Tunauziwa upepo.

Sasa kilichonileta. Tanga, njia ya Raskazone, kuna mama anakaanga jioni kwenye karai pembeni ya barabara. Anakufungia kwenye karatasi ya daftari la shule, anakamulia ndimu, unalipa shilingi 500. Nimempa 9 na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa na hesabu za mtoto aliyekosa zote.

Wenye pakiti wana mashine, wana lebo, wengine wana alama ya TBS, shirika la viwango. Wanashindwa wapi na mama mwenye kuni tatu?

#2 Nusu Kilo

Pakiti tisa za muhogo peke yako. Mkuu, nyumbani kwako kuna mtu mzima mwingine?

#3 Kachri wa Mvita

Kwanza hizo zaitwa kachri. Krispi ni za viazi.

Pili, jibu lako umelitaja mwenyewe ukalipita: ndimu. Njoo Mombasa, teremka ufukweni Mama Ngina jioni, utaona muhogo wakatwa hapo hapo, watiwa karaini, watoka ukilia, wanyunyiziwa chumvi na pilipili, ndimu ya mwisho. Waula huku ukiangalia meli ikiingia bandarini. Hiyo ndimu yataka kitu cha moto. Pakiti itaipata wapi?

#4 Bibi wa Makorora

Huyo mama wa Raskazone namfahamu kwa sura. Siri yake ni mafuta. Habadilishi kila siku, anaongezea. Mafuta mapya kabisa hayana ladha, muhogo unatoka mweupe kama chaki.

#5 Fundi Friji

Nimefanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha vyakula vikavu, upande wa mashine za kufungia. Niseme mawili.

La hewa: si wizi wote. Kwenye viwanda vikubwa ile si hewa ya kawaida, ni naitrojeni. Oksijeni ikikaa na mafuta, mafuta yanachacha. Kwa hiyo wanaitoa, wanajaza naitrojeni, na ule uvimbe wa pakiti unazuia krispi zisisagike njiani. Ukitaka kujua umeibiwa usitazame uvimbe, tazama gramu zilizoandikwa halafu weka kwenye mizani.

La ndimu, @Kachri wa Mvita yuko sahihi ila sababu si moto. Ni maji. Muhogo mbichi ni maji kama asilimia 60, kiazi kinafika 80. Ukikaanga hadi ukapata krispi, maji yaliyobaki ni kama asilimia 2. Hapo ndipo unapata ule mlio. Kamulia ndimu halafu funga pakiti, kesho yake unafungua kitambaa. Mama anakamulia kwa sababu anajua utamaliza kabla hujafika kona. Mwenye pakiti hana ujanja, anatumia unga wa asidi ya sitriki.

#6 Kachri wa Mvita

Nao huo unga ni uchachu mtupu. Ndimu ina harufu.

#7 Fundi Friji

Kweli. Harufu ya ndimu nyingi iko kwenye mafuta ya ganda. Ukikamua kwa vidole ganda nalo linatema. Asidi ya sitriki haina harufu yoyote.

#8 Mzee wa Mkuranga

Mnazunguka. Mimi nalima muhogo. Ukishang'oa, saa yake inaanza kuhesabu. Siku ya pili hadi ya tatu unaanza kupata mistari ya bluu na nyeusi ndani. Kiazi unaweza kukiweka wiki kadhaa, muhogo hauna subira hiyo.

Mama anapokea muhogo asubuhi, jioni umeisha. Mwenye pakiti anapokea gari zima. Unashushwa, unasubiri kumenywa, unasubiri zamu ya mashine, umeme unakatika, kesho tena. Wa kwanza mzuri, wa mwisho umeshachoka. Ndiyo maana hata pakiti za mtengenezaji mmoja hazifanani. Mleta mada ulionja pakiti moja moja ukatoa hukumu. Ungeonja tatu tatu za kila mmoja.

Halafu kuna umri. Ukizidi kukaa shambani unakuwa na nyuzi. Krispi ya muhogo wa miezi tisa na ya muhogo wa miaka miwili ni vitu viwili.

#9 Mpima Chumvi

@Mzee wa Mkuranga hoja nzito. Tatu tatu ni pakiti 27. @Nusu Kilo usijibu.

#10 Nusu Kilo

Nimenyamaza.

#11 Ukwaju Mchungu

Naomba kuuliza, muhogo si una sumu? Tena huo unaokaangwa haraka haraka barabarani.

#12 Mzee wa Mkuranga

Kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Wa kukaanga ni mtamu, hata mbichi shambani tunatafuna. Mchungu unalowekwa na kukaushwa kwanza, ndio wa unga wa makopa.

#13 Dada Lishe

Niongezee kwa @Ukwaju Mchungu. Sumu inayosemwa ni sianidi, na muhogo mchungu ukiandaliwa kwa haraka wakati wa njaa umeleta ugonjwa wa konzo, miguu inakakamaa ghafla. Tarime uliwahi kutokea miaka ya 1980, Kongo unajulikana zamani. Lakini ni kwa watu waliokula muhogo huo kila siku bila kitoweo cha maana, si kwa kifuko cha jioni.

Kwa krispi, mimi ningejali zaidi rangi. Zikiwa kahawia iliyokolea kuna kitu kinaitwa akrilamaidi, kinatokea vyakula vyenye wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali. Wasweden ndio walioshtua dunia mwaka 2002. Zile zilizoungua pembeni ziache. Na Bibi @Bibi wa Makorora, samahani, mafuta ya kuongezea kila siku siyaungi mkono.

#14 Bibi wa Makorora

Nina miaka 71, mwanangu.

#15 Mtoto wa Forodhani

Hahaha, Bibi kamaliza.

Sisi Unguja krispi za muhogo hatuzili hivyo mnavyozila nyinyi, kavu kavu kama mbuzi. Zinatiwa juu ya urojo. Rojo la moto, mbatata, bajia, kachori, chatine, halafu krispi juu kabisa. Unakula haraka kabla hazijalowa, na zile chache zilizolowa chini ndizo tamu kuliko zote. Kwa hiyo kigezo chako cha mlio hakitoshi. Hiyo namba 4 iliyolegea ungeitia kwenye urojo ungeipa 8.

#16 Mpima Chumvi

Na harufu ya mshumaa?

#17 Mtoto wa Forodhani

Chatine inaficha mengi.

#18 Mwana Muscat

Salaam kutoka huku. Nimecheka. Sisi huku mjadala kama huu ni wa Chips Oman, ile pakiti nyekundu. Ni viazi, si muhogo, lakini mtu aliyekulia huku ukimwambia kuna krispi bora kuliko ile mnagombana. Inasagwa, inatiwa ndani ya chapati na jibini, inakunjwa, asubuhi na chai ya maziwa. Nikimletea mama yangu Unguja anasema ni pilipili tu na rangi. Nikimletea binti yangu kachri kutoka Mombasa anasema ngumu.

Ninachotaka kusema, pengine huyo mama wa Tanga hakukushinda kwa ndimu wala kwa mafuta. Umezaliwa wapi wewe mleta mada?

#19 Mpima Chumvi

Nimezaliwa Tanga. Lakini hiyo haina uhusiano.

#20 Nusu Kilo

Kesi imefungwa. Tuondoke.

#21 Sikio la Kufa

Haijafungwa. @Mwana Muscat amegusa jambo ambalo watafiti wamelipima. Pale Oxford kuna Charles Spence. Yeye na mwenzake Zampini waliwatafunisha watu krispi huku wamevaa vipokea sauti masikioni, wakachezea mlio wa kutafuna. Krispi ni zile zile, ila ukiongeza zile sauti kali nyembamba watu wanasema ni mpya na zinavunjika zaidi, ukizipunguza wanasema zimelala. Ilichapishwa 2004, mwaka 2008 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha.

Kwa hiyo mdomo peke yake hauamui. Masikio yanaamua, macho yanaamua. Wewe ulikula za mama ukiwa kwenu, jioni, upepo wa bahari, karai linachemka mbele yako. Za pakiti ulikula wapi?

#22 Mpima Chumvi

Jikoni. Usiku. Na daftari.

#23 Sikio la Kufa

Basi.

#24 Kachri wa Mvita

Msitufanye wajinga na vitabu vyenu. Nimekula kachri Mama Ngina kabla hawajaitengeneza ile bustani mwaka 2019, nimekula baada. Mandhari yamebadilika kabisa, kachri ni ile ile. Kama ni macho, ladha ingebadilika.

#25 Msafiri wa Thika Road

Huku Nairobi tunauziwa kwenye matatu ukiwa jam, mfuko mdogo wa plastiki umefungwa fundo, hauna jina wala tarehe. Mandhari ni moshi na kelele za konda. Bado tamu. Sikio la Kufa atueleze hiyo.

#26 Sikio la Kufa

Njaa.

#27 Ukwaju Mchungu

Tukiwa hapo hapo kwa vitu vya pakiti, mnasemaje ubuyu? Ubuyu nao umeshuka. Siku hizi ni sukari na rangi nyekundu, meno yanabaki kama umeng'oa jino. Nasikia TFDA, wale wa chakula na dawa, wanashughulikia.

#28 Dada Lishe

TFDA haipo tena mkuu. Tangu 2019 ni TMDA, ya dawa na vifaa tiba, na mambo ya chakula yalihamishiwa TBS. Za Unguja zina mamlaka yake.

Ubuyu wenyewe hauna wekundu wowote, ukivunja buyu unga wake ni mweupe wa krimu, mchachu. Rangi inatiwa wakati wa kupika na sukari. Kutia rangi si kosa ikiwa ni ya chakula na ndani ya kiwango, tatizo ni ile ya kifuko isiyo na jina. Kama lebo haisemi ni rangi gani, mimi sinunui.

#29 Kachri wa Mvita

Mabuyu bila rangi ni dawa.

#30 Nusu Kilo

Chumvi mbona hamuisemi? Pakiti moja ya krispi ina chumvi ya wiki nzima. Niliona kwenye video.

#31 Dada Lishe

Tupige hesabu. Geuza pakiti, tafuta sodiamu. Tuseme imeandikwa miligramu 600 kwa kila gramu 100. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi: gramu 1.5. Pakiti ya gramu 40 inakuwa na gramu 0.6. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo si ya wiki. Ila ukila tisa kama mleta mada, umemaliza siku kabla ya ugali.

#32 Mama Vifungashio

Habari zenu. Nimesoma uzi wote tangu jana bila kuchangia. @Mpima Chumvi naomba kuuliza. Hiyo namba 4, nje kuna picha ya ungo?

#33 Mpima Chumvi

...

Kuna ungo, dada.

#34 Nusu Kilo

Uwiiiii.

#35 Mpima Chumvi

Dada yangu, samahani sana. Sikujua.

#36 Mama Vifungashio

Usiombe samahani, umelipa hela yako. Lakini niseme na mimi.

Nilianza na karai moja kibarazani, kama huyo mama wa Raskazone. Nilikuwa nasifiwa hivyo hivyo. Nikaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, nikapata mafunzo, nikanunua mashine ndogo ya kubana plastiki kwa moto, nikachapisha lebo. Siku niliyoanza kufunga ndipo nilipojua krispi na pakiti havipendani.

Naitrojeni anayoisema Fundi Friji sina. Mashine yake ni bei ya kiwanja. Mimi nafunga na hewa hii hii tunayovuta. Plastiki yangu inaonyesha ndani, kwa sababu mteja wa dukani anataka aone. Ile ya kung'aa kama fedha ndani inauzwa kwa oda kubwa ambayo siwezi.

Krispi zangu zikitoka kwangu zinalia. Mleta mada alizinunua kwenye basi, kwa kijana mwenye beseni. Ziko juani tangu asubuhi, pengine tangu juzi. Jua linapita kwenye plastiki, mafuta yanachacha. Hiyo harufu ya mshumaa ni jua.

#37 Fundi Friji

Pole dada, na hongera. Kuchacha, ndiyo, mwanga na joto vinaharakisha. Lakini jua halilegezi krispi. Kulegea ni unyevu. Kama pakiti haikutoboka, unyevu ulifungiwa humo humo. Huwa unaacha zipoe kwa muda gani kabla ya kubana?

#38 Mama Vifungashio

Mpaka zipoe.

#39 Fundi Friji

Ukishika kwa mkono, au kwa saa?

#40 Mama Vifungashio

Kwa mkono. Na kama oda ni ya alfajiri, mkono unasema zimepoa mapema kidogo.

#41 Fundi Friji

Basi angalia hapo. Juu zimepoa, katikati ya beseni bado zina mvuke. Ukibana, mvuke unageuka maji ndani ya plastiki. Zitandaze nyembamba kwenye trei, usirundike.

#42 Bibi wa Makorora

Karatasi haina shida hiyo. Karatasi inapumua, inanyonya mafuta na mvuke. Nyinyi mnafunga kitu cha moto kwenye plastiki halafu mnashangaa.

#43 Dada Lishe

Bibi hapo nakuunga mkono kwa mvuke. Karatasi za magazeti sikuungi, wino unaingia kwenye mafuta.

#44 Mzee wa Mkuranga

Dada Vifungashio, muhogo unaupata wapi, na unakaa siku ngapi?

#45 Mama Vifungashio

Unakuja Jumanne na Ijumaa.

#46 Mzee wa Mkuranga

Kwa hiyo Jumatatu unakaanga muhogo wa Ijumaa. Nilisema mimi.

#47 Mama Vifungashio

Jumatatu nafanya ndizi. Mimi si mgeni wa kazi hii, mzee wangu.

#48 Mzee wa Mkuranga

Nimekubali kichapo.

#49 Mwalimu wa Takwimu

Nimechelewa. Mbona hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa? Mpima Chumvi alionja akijua ipi ni ya nani. Hiyo si onjo, ni kura ya maoni ya mtu mmoja.

Fanya hivi. Chukua za mama na namba 7. Vibakuli vitatu vinavyofanana: viwili vya aina moja, kimoja cha nyingine. Vipe namba za ovyo, 418, 902, 657, si 1, 2, 3, maana watu hupenda moja. Mwonjaji afunge macho, anywe maji kati ya kibakuli na kibakuli, aseme kipi ni tofauti. Akibahatisha tu anapatia mara moja kati ya tatu. Kama watu wako hawazidi hapo kwa mbali, huna hoja ya 9 na nusu dhidi ya 7 na nusu.

#50 Mpima Chumvi

Nimekubali. Nipeni wiki.

#51 Nusu Kilo

Wiki imepita.

#52 Mpima Chumvi

Nimefanya. Nilimpigia ndugu yangu Tanga akanunua kwa yule mama, akampa kondakta, zikafika Dar jioni ya siku iliyofuata. Ndimu nilimwambia asiweke, kwa ushauri wa #5, nikakamulia mwenyewe pande zote mbili.

Waonjaji saba: mke wangu, shemeji, watoto wawili, jirani, bodaboda wangu na fundi bomba aliyekuja kwa kazi nyingine kabisa. Waliopatia kibakuli tofauti ni watatu kati ya saba.

Halafu nikawauliza ipi tamu. Wanne wamesema namba 7. Sijalala vizuri.

#53 Mwana Muscat

Ulizaliwa Tanga lakini hujawazaa Tanga.

#54 Mwalimu wa Takwimu

Watatu kati ya saba ni kitu cha bahati kabisa, kwa kubahatisha tu tungetegemea wawili au watatu. Na swali la ipi tamu lihesabiwe kwa wale watatu waliopatia tu. Asiyeona tofauti anapendeleaje? Hao watatu walisemaje?

#55 Mpima Chumvi

Fundi bomba alisema za mama. Watoto wote wawili namba 7.

#56 Kachri wa Mvita

Jaribio batili! Kachri zimelala usiku mzima, zimepanda basi, zimefika zimechoka, halafu mwazishindanisha na kitu kilichotengenezwa kikae miezi mitatu. Kachri ya jana si kachri. Wapeleke hao watu saba Raskazone uwape karaini.

#57 Sikio la Kufa

Ukiwapeleka Raskazone wataona karai, watasikia mlio, tumerudi #21.

#58 Kachri wa Mvita

Wafunge macho na wazibe masikio.

#59 Msafiri wa Thika Road

Watu saba wamefungwa macho na masikio kando ya barabara wakilishwa muhogo. Polisi watakuwa wa kwanza kutoa maoni.

#60 Bibi wa Makorora

Mmekamulia ndimu iliyokaa friji?

#61 Mpima Chumvi

Ndiyo Bibi.

#62 Bibi wa Makorora

Haya.

#63 Mama Vifungashio

Nimerudi. Nimezitandaza kwenye trei kwa saa mbili, nimefunga kumi. Tano nimeziweka kabatini, tano nimezitundika mlangoni penye jua, nione nani mkweli kati yangu na Fundi. Nitafungua baada ya wiki mbili.

Na nimepunguza unene. Nimekumbuka zamani nilikuwa nakata kwa kile kibao chenye wembe katikati, sasa mashine inakata nene kidogo na sikuwahi kuirekebisha.

#64 Fundi Friji

Dada, umebadilisha mambo mawili kwa pamoja. Zikiwa nzuri hutajua ni trei au ni unene.

#65 Mama Vifungashio

Zikiwa nzuri nitauza.

#66 Nusu Kilo

Mimi nimebaki na swali moja tu. Namba 7 inauzwa wapi?

#67 Mpima Chumvi

Nimekutumia faragha.

#68 Mama Vifungashio

Nitumie na mimi. Nataka nione hizo zao zinakatwa na nini.